Ana Kazi Gani?

Ilikuwa siku ya tatu ya matanga. Wageni walikuwa bado wamelala chini ya maturubai, umande haujakauka, na mimi nilikuwa nyuma ya jiko na akina mama tukichochea moto wa chai. Nikamwona mtoto wa binamu yangu akitokea njia ya msituni, suruali imelowa mpaka magotini, kashika kitu kwa mkia.

Nilidhani ni buku.

Alipofika karibu, jua likampiga yule mnyama mgongoni. Pale juu ya mkia palikuwa na rangi ya dhahabu iliyokoza, imekatika ghafla kama kiraka. Mwili wa hudhurungi, masikio na miguu myeusi, miguu yenyewe myembamba kama ya paa. Pua ndefu, laini, bado ina unyevu. Shingoni palikuwa na mstari mwembamba ambapo waya wa breki ya baiskeli ulikaza.

“Huyu si sange?” nikauliza, ingawa nilishajua.

“Ndiye, shangazi. Kitoweo cha mchana.”

Hapo nikaanza. Nilimwambia huyu ni mnyama adimu, amo katika orodha ya walio hatarini kutoweka, na kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda hata kama ni kwa kitoweo cha nyumbani. Nilisema kwa sauti ninayoitumia darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha, kwa adabu kamili.

“Adimu vipi, shangazi? Mimi nawaona kila siku.”

Sikusema kitu. Akamgeuza yule mnyama mkononi, akamtazama kama ndiyo kwanza anamwona.

“Na kwani ana kazi gani?”

Mtu akaniita kwamba maji yamechemka. Nimefundisha biolojia Mombasa kwa miaka 11. Niligeuka nikamimina majani ya chai kwenye sufuria ya watu 60, na sikuwa na jibu.

## Kibakuli

Mchana tulikaa mkekani. Sima, mchicha, samaki mkavu wa tui, na pembeni kibakuli kidogo cha nyama iliyokatwa vipande vidogo vidogo ili ienee. Mke wa binamu yangu alikisogeza upande wangu kwa sababu mimi ndiye niliyetoka mbali. Nikasema nimeshiba. Kila mtu pale alijua sijashiba.

Mjomba hakunitazama. Alimega tonge lake, akasema taratibu, “Zamani ulikuwa ukimla. Ukija likizo mlikuwa mkigombania.”

Nilikumbuka nyama ya likizo. Tuliiita nyama ya msituni, basi, haikuwa na jina jingine, na ilikuwa tamu kwa sababu nyumbani Kisauni nyama ilikuwa ya Ijumaa na sikukuu. Haikunipitia kamwe kwamba ile nyama ilikuwa na pua ndefu na kiraka cha dhahabu. Nilikuwa na miaka saba, minane. Nilikuwa nakula mnyama ambaye baadaye ningemkemea mtoto wa mtu kwa kumkamata.

Mjomba akaendelea, bado anatazama sahani. “Ndovu akivunja uzio akamaliza mahindi, tunaambiwa tuandike fomu. Mtoto akishika kinyama cha ratili moja, ni kesi.”

Hakuna aliyecheka. Wala hakuwa anatania. Kijijini kwao, msitu wa Arabuko-Sokoke ni jirani anayeweza kukufunga au kukuua, na hata hivyo kila kitu cha nyumbani kimewahi kutoka kwake: fito za nyumba, kuni, dawa, uyoga, asali.

Nilirudi Mombasa Jumapili jioni na matatu ya Malindi. Tulipita Kilifi, tukapita Mtwapa, swali limekaa pajani kama mzigo ambao mtu amenipa nimshikie.

## Adimu kwa nani?

Nianze na lile la kwanza, maana ndilo lililonisumbua zaidi. *Nawaona kila siku.*

Kijana hakudanganya. Na mimi sikudanganya. Msitu wa Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Ndio mkubwa kuliko vipande vyote vya msitu wa pwani vilivyobaki Afrika Mashariki, kipande cha mshipi wa misitu uliowahi kushika ukanda huu wa bahari kutoka Somalia hadi Msumbiji. Sange kiuno-dhahabu, ambaye wanasayansi walimpa jina lake la kitaalamu mwaka 1881, anaishi humo, na katika viraka vichache vya jirani kama Gede na Dakatcha. Basi. Ukitoka hapo unaweza kuizunguka dunia yote ukarudi ulipoanzia bila kumwona.

Lakini ndani ya hivyo viraka, yupo. Asubuhi anafukua majani njiani, unamsikia kabla hujamwona. Kwa kijana wa kijiji cha mpakani mwa msitu, sange ni kama kunguru kwetu Mombasa. Nani aamke aambiwe kunguru wanakwisha, akaamini?

Nimefundisha neno “adimu” miaka yote hii kana kwamba ni sifa ya mnyama, kama manyoya au kwato. Siyo. Uadimu unaonekana kwenye ramani, hauonekani njiani. Ili ujue kitu ni adimu lazima uwe umekitafuta mahali pengine ukakikosa, na yule kijana hajawahi kuwa na sababu ya kwenda kumtafuta sange mahali pengine. Mimi ndiye ninayetoka huko anakokosekana. Ninaishi Bamburi. Kutoka daraja la Nyali hadi Mtwapa ni nyumba, mahoteli, kiwanda cha saruji, maduka, na nyua za mawe. Ule mshipi wa msitu ulipita hapa pia. Uadimu wa sange umeanzia kwetu, si kwake.

Hilo lilinichukua wiki mbili kulikubali, na sikulipenda.

## Majibu niliyojaribu

Nikiwa jikoni, nikiwa kwenye foleni ya benki, nikisahihisha madaftari, nilikuwa nikimjibu kijana kichwani. *Ana kazi gani?* Ana kazi hii, mwanangu.

Nilijaribu pesa. Watu huja kutoka mbali kutazama ndege wa msitu ule, hasa bundi mdogo wa Sokoke, na wakiwa humo humwona sange pia. Mradi wa Kipepeo ulianza Gede mwaka 1993: wakulima wa mpakani hufuga mabuu ya vipepeo wa msituni, na yakishakuwa pupa yanasafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani. Ni kazi nzuri, na naiheshimu kwa sababu mkulima anajua kwamba bila msitu hana kipepeo. Lakini sange hafugwi kwenye wavu, hasafirishwi kwa sanduku. Na kijana mwenyewe hajawahi kushika hata shilingi moja iliyotoka mfukoni mwa mtazama ndege. Ningemwambiaje kwamba kazi ya sange ni kuwaletea wengine pesa?

Nilijaribu udongo. Sange anashinda akichokora majani makavu kwa pua na kucha, anatafuta nyungunyungu, jongoo, buibui, mende. Majani yanageuzwa, udongo unapata hewa. Kweli. Hapo nikasimama nikajiuliza, kwa unyofu wa mtu asiye na mwanafunzi mbele yake: akiondoka leo, msitu utaanguka kesho? Sidhani. Mvua itanyesha, mrihi utachipua majani yake mekundu kama kila mwaka. Siwezi kumpa sange cheo cha nguzo ambacho sina uhakika nacho, kisha nimdai kijana akiheshimu.

Kuna wenzangu katika elimu hii wanaotetea kila mnyama kwa njia hiyo, kwamba kila mmoja ni msumari na ukiung'oa nyumba inaanguka. Naelewa nia yao. Lakini mtu aliyekulia kwenye nyumba ya fito na udongo anajua kwamba nyumba hupoteza fito nyingi kabla haijaanguka, na anajua unadanganya.

Jibu la tatu lilikuja darasani bila kuitwa.

## Ukoo

Muhula ulipoanza nilikuwa nafundisha uainishaji wa wanyama kidato cha tatu. Kitabu kina mifano: kangaruu wa Australia, kalunguyeye wa Ulaya anayelala majira ya baridi. Nilikuwa nakopi jedwali ubaoni, nikafika kwenye safu ya mamalia, chaki ikasimama.

Katika miaka 11 sijawahi kuandika sange kwenye ubao ule. Mnyama aliyeko mwendo wa saa mbili na nusu kutoka dirisha la darasa, asiyeko popote pengine.

Nikafuta jedwali. Nikawaambia habari zake. Kwa muda mrefu wataalamu walimweka sange katika kundi la virukanjia wa Ulaya kwa sababu ya ile pua, wengine wakamsogeza karibu na sungura. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vinasaba vilipolinganishwa, jibu lilitoka mahali ambapo wengi hawakutazamia. Sange si panya wala si kirukanjia. Ndugu zake ni ndovu, pimbi, muhanga, na nguva. Ni ukoo mmoja wa kale uliokulia Afrika wakati bara hili lilikuwa kisiwa, limetengwa na mabara mengine, na kila mtoto wa ukoo akaenda zake: mmoja akawa mkubwa kuliko wote nchi kavu, mmoja akaingia baharini, mmoja akabaki chini ya majani makavu na uzito wa nusu kilo.

Darasa lilinyamaza. Kisha msichana mmoja, ambaye babake ni mvuvi, akainua mkono.

“Mwalimu, kwa hiyo sange na nguva ni ndugu?”

“Ndiyo.”

“Na wote wanaisha?”

Nikasema ndiyo tena. Hakuuliza nguva ana kazi gani. Aliandika daftarini.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiria matanga. Siku saba watu wanaingia nyumba ya mjomba, wengine hatujaonana miaka kumi, na hakuna aliyesimamishwa mlangoni akaulizwa, wewe una kazi gani. Mtu anataja ukoo, anapewa mkeka na kikombe cha chai. Kazi unaulizwa na mwajiri. Ndugu unamuuliza tu amefikaje na amewaacha vipi nyumbani.

Nilitaka sana hilo liwe jibu. Kwa siku tatu nne niliamini ndilo. Lakini nilipojaribu kulisema kwa sauti, kana kwamba kijana yuko mbele yangu na tumbo lake la saa saba mchana, niliona upungufu wake. Ni rahisi kwangu kudai undugu na mnyama ambaye siye ninayemla.

## Twiga wawili

Sebuleni kwa mama kuna twiga wawili wa mti. Wapo tangu nikiwa shule ya msingi. Baba aliwanunua kwa wachongaji wa Changamwe, na kila Jumamosi ilikuwa zamu yangu kuwapangusa vumbi. Ni wazito kwa kimo chao, rangi ya asali iliyozeeka, na ukiwasugua na kitambaa wanatoa harufu tamu kidogo mpaka leo.

Nilikwenda kumwona mama Jumapili, nikawachukua mikononi. Muhugu.

Najua mti huo. Kijijini wanautaja kwa namna ya kumtaja mzee aliyefariki: ulikuwa hapa, na hapa, na pale penye kisiki. Ni mti wa polepole, mgumu, mchwa hawautaki, hauchakai. Uchongaji wa vinyago vya kuuzia wageni uliingia Ukambani na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kazi ile ilipofika Mombasa na kukua, muhugu ukawa ndio mti wake hasa. Arabuko-Sokoke ilikuwa na muhugu. Hesabu nyingine malizia mwenyewe.

Nilimtafuta mchongaji mmoja mzee ninayemfahamu kupitia mwanafunzi. Nilitaka kujua, sikutaka kulaumu. Alinionyesha vipande vya mwembe na mwarobaini vilivyokuwa vikikauka kivulini.

“Sasa tunafanya na hivi,” akasema. “Mwarobaini una shida yake, ukikauka upesi unapasuka. Lakini unapatikana, hata nyuma ya nyumba yako upo.” Kisha akapitisha kidole gumba juu ya kipande kidogo cha zamani kilichobaki kwenye rafu. “Muhugu ulikuwa haukusumbui. Unauambia geuka, unageuka.”

Alikuwa na huzuni ya kweli, ya mtu aliyefiwa na mwenzake wa kazi. Amesomesha watoto wanne kwa ule mti. Niliondoka pale bila mtu wa kumkasirikia.

Na si muhugu peke yake. Mlango wa nyumba ya mama ni wa mbambakofi. Nyama choma ninayokula na wenzangu mwisho wa mwezi inachomwa na makaa ambayo sijawahi kuuliza yametoka wapi. Sange hahitaji mengi: kivuli, na majani makavu yaliyolala chini kwa wingi, maana humo ndimo anamokula na humo ndimo anamolala. Miti mikubwa ikitolewa, jua linafika chini, majani hayajilundiki tena, vichaka vinabadilika. Hakuna tanzi lililowekwa, hakuna mtoto aliyeingia na waya, na sange hayupo. Wanaomchunguza husema hivyo hivyo, kwamba kupungua na kuharibika kwa msitu ndilo tishio lake kubwa.

Mji wangu umekuwa ukimtega miaka mingi. Hatukuwahi kulowa umande.

Sitaki hili lisomeke kama namtakasa kijana. Waya hauchagui. Uliowekewa sange unaweza kumshika paa nunga mchanga, mnyama ambaye naye amebaki mahali pachache tu duniani, Unguja na misitu michache ya pwani yetu. Waya uliosahauliwa unaendelea kuua bila mtu kula. Na sange huzaa mtoto mmoja tu kwa kila uzazi, si kama panya. Alichofanya kijana ni kosa, na ningemwambia tena. Kilichobadilika ni mahali ninaposimama nikimwambia.

Jambo moja katika yote niliyosoma wiki hizo lilinipa pumzi. Tangu mwaka 2001 shirika la A Rocha Kenya lina mpango unaoitwa ASSETS, unaolipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu na hori ya Mida.  Kwangu maana yake ni kwamba jirani wa msitu asiwe ndiye anayebeba gharama za msitu peke yake. Kijana wetu aliacha shule kwa ajili ya karo. Hilo sikulijua siku ile ya chai. Sikumuuliza kwa nini hakuwa shuleni; nilimwambia tu alichovunja.

## Umande

Mwezi wa sita nilirudi. Nilikuwa nimempigia binamu yangu tukazungumza habari ya shule, kwa kirefu, na hayo yatabaki kati yetu. Lakini Jumamosi ile nilimwomba kijana anisindikize kwenye magofu ya Gede, sisi wawili tu, mapema iwezekanavyo. Alinitazama kwa shaka. Nadhani alitazamia mahubiri mengine.

Tulikata tiketi na kuingia mageti yalipofunguliwa. Wengi wetu tumepelekwa pale na shule, tukaonyeshwa msikiti mkuu, visima, na lile kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Tulifundishwa kutazama kuta. Karne ya 17 watu walikuwa wameuacha mji, na msitu ukaingia: mizizi ya mibuyu na mikuyu imekumbatia mawe ya matumbawe, kima wanakaa juu ya mihrabu. Hapo hapo, miaka ya 1970, mtafiti aitwaye Galen Rathbun alikaa akiwafuata sange siku baada ya siku, na mengi ambayo dunia inayajua juu yao yametoka kati ya kuta zile za Waswahili.

Nilikuwa nimesoma kazi yake kabla ya kuja. Nilikuwa na nia ya kumfundisha kijana.

“Tusitembee sana,” akasema yeye, kwa sauti ya chini. “Tukae hapa. Wakati huu anajenga.”

“Anajenga nini?”

“Pahala pa kulala. Anakusanya majani asubuhi hivi, yangali na umande. Yakikauka yanapiga kelele, anasikiwa. Na hana kimoja, anavyo vingi, leo hiki kesho kile. Ukitega penye kimoja unaweza kungoja wiki.”

Nikamtazama. Hayo ndiyo niliyoyasoma kwa Kiingereza juzi usiku, maelezo ya mtu aliyechukua miezi na miezi kuyagundua. Kijana alikuwa ameyapata kwa magoti yaliyolowa. Nilikuwa nimekuja na maarifa kwa mtu aliyenizidi maarifa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anachokijua kina jina na kinaandikwa vitabuni.

Tulikaa juu ya ukuta ulioanguka. Akanionyesha ndege mdogo wa kifua cha rangi ya chungwa aliyeshuka kwenye tawi la chini. “Huyo anamfuata. Sange akifukua, wadudu wanaruka, yeye anakula. Ukimwona ndege anaangalia chini namna hiyo, tazama anapoangalia.”

Nikatazama. Hakukuwa na kitu. Majani, jiwe, majani.

Kisha majani yakasogea.

Alitokea pembeni ya kisima, mkubwa kuliko nilivyomkumbuka, au labda ni kwamba huyu alikuwa amesimama. Alitembea kwa ncha za vidole, kwa makini, pua ikizunguka peke yake kana kwamba ina akili yake. Alichokora, akatafuna kitu, akachokora tena. Ile dhahabu ya nyuma ilikuwa inawaka kila alipopita penye doa la jua. Wapo wanaofikiri kazi yake ni hiyo hasa, kumvuta adui apige pale nyuma ambapo ngozi ni nene, na sange apate nafasi ya kukimbia. Nilipolisoma sikulitilia maanani. Nilipomwona nikaelewa, maana jicho langu nalo lilikuwa limekwenda pale pale.

Nilibadilisha mguu, kijiti kikavunjika.

Akasimama. Hakukimbia. Akapiga mkia juu ya majani, *pa*, akangoja, *pa*, akangoja.

“Anasema amekuona,” kijana akaninong'oneza. “Akishakuona hana haja ya kukimbia. Anakwambia usijisumbue.”

“Na wewe akikwambia hivyo?”

Akafikiri. “Hunikasirisha.” Halafu, baada ya muda, “Lakini ni kweli, ukimsikia hivyo umemkosa.”

Tulikaa tukisikiliza ule mkia. Nilikuwa na maneno yote ya wiki saba kinywani, ukoo, ramani, kisiwa cha kale, twiga wa mama. Hakuna lililotaka kutoka. Badala yake nikamrudishia swali lake, si kwa kumtega, kwa kuwa nilitaka kusikia.

“Sasa wewe unayemjua hivi, unaonaje? Ana kazi gani?”

Hakunijibu. Sijui hata kama alisikia. Sange alikuwa ameacha kupiga mkia na kurudi kwenye majani yake, na kijana alikuwa amegeuza uso upande mwingine kabisa, kule kwenye ukuta wa kasri, ameinua kiganja ninyamaze.

“Bado mmoja,” akasema. “Hawatembei pamoja, lakini mwenzake hawi mbali.”

Nikamsikia kabla sijamwona.